Mwongozo Kamili: Kupima Maji ya Mto Msimu kwa Msimu Hadi Namba Zako Zikubalike

Ujumbe wa aina moja unanifikia mara kwa mara. Kikundi cha vijana au jumuiya ya watumia maji wamechangishana, wamenunua vipimo, wameteremka mtoni Jumamosi moja ya Agosti, wamepima na kupiga picha. Wanakwenda ofisini wakiwa na hakika kwamba mto wao unachafuliwa. Afisa anawauliza maswali mawili tu: siku hiyo maji yalikuwa na kina gani, na mvua ya mwisho ilinyesha lini? Hawana jibu. Ripoti inabaki mezani, na uchafu unaendelea kutiririka.

Inauma, kwa sababu mara nyingi uchafu wanaoulalamikia upo kweli. Kosa lao ni kuupima mto kama mtu anayepima tangi. Mto wa Agosti na mto wa Aprili una jina moja lakini ni maji mawili tofauti. Namba isiyoandamana na msimu, kina na mvua haimshawishi mtu yeyote anayejua mito, na hana kosa kutoshawishika.

Hatua zilizo hapa zinafuata mwaka mzima wa mto wenye misimu miwili ya mvua, yaani vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei, kama ilivyo pwani, kaskazini mwa Tanzania na sehemu kubwa ya Kenya. Mfano wangu ni Mto Ngerengere: unashuka kutoka milima ya Uluguru, unaingia Bwawa la Mindu, unapita Manispaa ya Morogoro, kisha unaungana na Ruvu, ambao maji yake yanakwenda kunywewa Dar es Salaam. Ukiwa Dodoma, Iringa au Mbeya, ambako mvua ni ya msimu mmoja, kazi ni ileile. Mvua yako ya kwanza ndiyo utakayoifanyia yale ninayoyasema kuhusu vuli.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kwenda mtoni

Usianze na mashine ya bei kubwa. Anza na hivi:

- Kaunta buku moja na penseli. Wino wa kalamu unaweza kuyeyuka ukiloa.
- Fimbo ndefu iliyonyooka yenye alama za sentimita, na futi kamba ya mita 20 au zaidi.
- Kipima mvua, hata cha kopo lenye kuta zilizonyooka na rula.
- Kipimajoto cha pombe. Cha zebaki kikivunjikia mtoni, wewe ndiye umechafua.
- Bomba angavu la plastiki lenye urefu wa sentimita 60 au zaidi, lililozibwa upande mmoja kwa kifuniko chenye alama nyeusi na nyeupe. Hili ni la kupimia tope.
- Karatasi za kupimia pH (kiwango cha asidi), na vijiti vya kupimia nitrati, kirutubisho kinachotoka kwenye mbolea na vinyesi.
- Mita ndogo ya kalamu ya kupima jinsi maji yanavyopitisha umeme (EC). Chumvi zilizoyeyuka majini ndizo zinazoipandisha.
- Chupa za H2S (gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza) za kuonyesha dalili ya vinyesi. Ni za bei nafuu na hazihitaji mashine ya joto.
- Kipimo cha oksijeni iliyoyeyuka, kama mfuko unaruhusu. Kikikosekana kazi inaendelea.
- Ndoo ndogo yenye kamba, chupa safi za lita 1, na saa au simu yenye saa ya sekunde.
- Machungwa matatu au manne. Kazi yake utaiona Hatua ya 5.
- Buti za mpira, glovu, sabuni, na dumu la maji safi ya kunawa.

Kama fedha zinatosha kitu kimoja tu kati ya vya kununua, nunua mita ya EC. Ndiyo inayokuonyesha haraka kuliko vyote kwamba maji yaliyo mbele yako leo si yale ya juzi.

## Hatua ya 1: Chagua vituo vitatu na usivibadilishe

Kituo cha kwanza kiwe juu ya mahali unapopashuku, cha pili karibu chini yake, cha tatu mbali zaidi kuelekea chini. Kituo cha juu ndicho shahidi wako. Bila yeye, kila unayemtuhumu atakwambia maji yalishafika kwake yakiwa machafu, na hutakuwa na la kumjibu.

Chagua sehemu ambayo maji yanatembea na yamechanganyika. Ukichukua sampuli hatua tano tu chini ya mdomo wa mfereji, umepima mfereji. Teremka mpaka mahali ambapo huoni tena michirizi ya rangi mbili. Daraja ni kituo kizuri sana kwa sababu hata masika unaweza kushusha ndoo bila kugusa maji.

Jihadhari na bwawa. Tope la masika linatua ndani yake, na maji yanayotoka chini yanafuata mlango wa bwawa kuliko mawingu. Ukiweka kituo cha juu kabla ya Mindu na cha chini baada ya Mindu, tofauti utakayoipata ni kazi ya bwawa, wala si ya mji. Weka vituo vyote upande mmoja wa bwawa.

Piga picha ya kila kituo ukiwa umesimama palepale kila mara, na uandike alama ya kudumu: mkuyu fulani, nguzo ya tatu ya daraja. GPS ya simu inasaidia, lakini simu hupotea.

Utajua umefaulu pale mwenzako ambaye hajawahi kufika atakapokwenda na kaunta buku peke yake akasimama mahali penyewe.

## Hatua ya 2: Weka alama ya kina na kipima mvua

Hii ndiyo hatua wanayoiruka wengi, na ndiyo inayoziua ripoti zao.

Paka alama za sentimita kwenye nguzo ya daraja au kwenye mwamba usiosogea, kuanzia chini kabisa ambako maji yanafika Septemba. Fimbo iliyochomekwa kwenye mchanga haifai, kwani mafuriko ya kwanza yataondoka nayo pamoja na kumbukumbu zako. Kila siku, iwe ya kupima au si ya kupima, mtu mmoja asome alama hiyo na kuiandika. Mwenye kibanda jirani au mwanafunzi anayevuka daraja akienda shule anaweza kuifanya kwa dakika moja.

Kipima mvua kiwekwe mahali pa wazi, mbali na paa na miti. Kisomwe kila siku saa 3 asubuhi, saa ileile wanayosomea vituo vya hali ya hewa, kisha kimwagwe. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji kwa kila mita ya mraba.

Kama mto wako unatoka milimani, usishangae kuuona umejaa ilhali mjini hakujanyesha hata tone. Tafuta mtu huko juu akutumie ujumbe mvua inaponyesha. Ujumbe wake utakusaidia na katika usalama wako pia.

## Hatua ya 3: Panga kalenda ya mwaka

Kupima mara moja kwa mwezi ni kuzuri kuliko kukaa bure, lakini hakutoshi. Uchafu haufuati tarehe za mwezi, unafuata maji. Panga hivi.

Kiangazi, Juni hadi Oktoba mwanzoni. Kila wiki mbili. Maji ni machache, kwa hiyo kila kinachomwagwa kinabaki kikali. Huu ndio wakati wa kuona maji taka yanayotoka kila siku: mifereji ya viwanda, mabomba ya maji machafu, vyoo vinavyovuja, mahali pa kuoshea bodaboda. Ndio wakati pia bustani za mchicha na chainizi zinapojaa kando ya mto, na pampu zinavuta maji mpaka mkondo unakuwa mwembamba. Tope linakuwa dogo, na EC inapanda wiki hata wiki. Maji yanaweza kuonekana maangavu kabisa na yakawa ndiyo mabaya kuliko ya mwaka mzima.

Mvua za kwanza za vuli. Hapa hakuna ratiba. Unakaa tayari, soma Hatua ya 6.

Vuli iliyokolea na masika. Kila wiki, na mara moja zaidi ndani ya saa 24 baada ya mvua kubwa. Usiache masika kwa kisingizio kwamba maji ni mengi na yanasafisha. Ndiyo miezi ya udongo wa mashamba ya mlimani, mbolea ya kukuzia iliyotoka kumwagwa shambani, viuatilifu, na ile tabia mbaya tunayoijua sote ya kutapisha vyoo mvua inapoanza.

Januari na Februari. Kila wiki mbili. Ni kiangazi kifupi chenye jua kali, na joto lina maana kwa samaki: maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba oksijeni kama miligramu 9.1 kwa lita, lakini ya nyuzi 30 yanabeba 7.6 tu, hata yakiwa safi. Mto unaingia kwenye joto ukiwa tayari umepungukiwa hewa.

Pima saa ileile daima. Mimi napendekeza kati ya saa 1 na saa 2 asubuhi, kwa sababu mbili. Oksijeni huwa chini kabisa alfajiri, kwani usiku mzima mimea ya majini imepumua bila jua la kuiwezesha kuitengeneza; ukipima saa 9 alasiri utaona mto wenye afya kuliko ulivyo. Pili, vijidudu vya kichocho hutoka kwa wingi kwenye konokono jua likiwa kali, kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Asubuhi na mapema kuna nafuu, ingawa buti na glovu ni lazima hata hivyo.

## Hatua ya 4: Chukua sampuli na upime palepale

Anza na kituo cha chini kabisa, malizia na cha juu, ili tope unalolitibua usije ukalipima mwenyewe. Ukiingia majini, simama ukitazama mto unakotoka, na chupa iwe mbele yako.

Suuza chupa mara tatu kwa maji ya mto na umwage nyuma yako. Izamishe mdomo ukiwa chini mpaka kina cha kiwiko, kisha igeuze ijae. Usichote povu la juu wala usikwangue chini. Chupa za vinyesi zina dawa ndani na hazisuuzwi kamwe. Nimewaona watu makini kabisa wakizisuuza kwa mazoea.

Sasa pima kwa mpangilio huu, kwa sababu vingine haviwezi kungoja.

1. Joto, ndani ya mto wenyewe, dakika mbili.
2. Oksijeni, kama una kipimo. Jaza chupa polepole bila kiputo hata kimoja. Chini ya miligramu 5 kwa lita samaki wengi wanateseka. Ikikaribia 2 ni wachache watakaosalimika.
3. pH. Kawaida ya mito mingi ni 6.5 hadi 8.5. Mruko wa ghafla kati ya kituo cha juu na cha chini una uzito kuliko namba yenyewe.
4. EC. Subiri namba itulie. Suuza mita kabla ya kituo kingine.
5. Tope. Mimina maji kwenye bomba kidogo kidogo ukitazama kutoka juu, mgongo wako ukiwa kwenye jua. Alama inapopotea, acha. Andika urefu wa maji kwa sentimita. Kadiri urefu ulivyo mfupi ndivyo tope lilivyo jingi. Mtu yuleyule asome kila mara, maana macho hayafanani.
6. Nitrati. Fuata dakika zilizoandikwa kwenye pakiti. Kijiti kilichosahauliwa dakika kumi kinadanganya.
7. H2S. Jaza mpaka mstari, funga, weka kivulini kwenye joto la kawaida. Ikigeuka nyeusi ndani ya saa 24 hadi 48, ni dalili ya vinyesi.

Katika mito yetu inayopita mijini chupa ya H2S karibu kila mara itageuka nyeusi, hivyo kuandika tu kwamba imegeuka hakutakufikisha mbali. Andika imechukua saa ngapi. Kituo kilichogeuka saa ya 14 na kingine saa ya 40 vinasimulia habari tofauti. Kumbuka pia kwamba matope ya kinamasi yanaweza kuigeuza bila kinyesi cha mtu. Ndiyo sababu inaitwa dalili, na ushahidi unatoka maabara. Sampuli ya maabara iwekwe kwenye barafu mara moja, gizani, na ifike ndani ya saa 6 ikiwezekana, isipite 24.

Katika kila safari, kituo kimoja kipimwe mara mbili kwa chupa mbili. Tofauti ikiwa ndogo, mkono wako unaaminika. Ikiwa kubwa, tafuta kosa kabla hujamtafuta mchafuzi.

## Hatua ya 5: Pima mtiririko kwa chungwa

Chungwa linaelea likiwa limezama karibu lote, kwa hiyo linasukumwa na maji na si upepo. Na likipotea, halichafui kitu.

Tafuta sehemu iliyonyooka. Pima mita 10 kando ya mto na uweke mtu kila mwisho. Rusha chungwa katikati ya mkondo juu kidogo ya mstari wa kwanza, anza kuhesabu likivuka, simamisha likivuka wa pili. Rudia mara tatu upate wastani. Kisha vuka na fimbo, pima kina kila nusu mita, upate wastani wa kina. Pima na upana.

Tuseme upana ni mita 6, kina cha wastani mita 0.4, na chungwa limetumia sekunde 20. Kasi ya maji ya juu ni mita 0.5 kwa sekunde. Maji ya chini yanakwenda polepole kwa kusuguana na mchanga, kwa hiyo zidisha kwa 0.85 upate 0.425. Zidisha kwa upana na kina: 0.425 × 6 × 0.4 = mita za ujazo 1.02 kwa sekunde, yaani lita 1,020 hivi.

Onyo. Kuvuka kwa fimbo ni kazi ya kiangazi. Maji yakifika magoti na yanakimbia, au huoni miguu yako, toka. Masika rusha chungwa kutoka darajani na usome kina kwenye alama ya nguzo, ukitumia umbo la mto ulilolipima wakati wa ukame. Mahali penye mamba au viboko usiingie msimu wowote.

## Hatua ya 6: Iwahi mvua ya kwanza

Kama ungenipa siku moja tu ya kupima katika mwaka, ningechagua hii.

Kwa miezi mitatu au minne ardhi imekuwa ikikusanya: mavi ya ng'ombe na mbuzi, majivu ya mashamba yaliyochomwa, oili ya gereji, taka za sokoni, vumbi la barabara. Mvua ya kwanza inavifagia vyote kwa pamoja na kuvitia kwenye mto ambao bado hauna maji ya kuvipunguza makali.

Nakumbuka jioni moja ya Novemba nikiwa darajani. Mvua ilikuwa imekatika nusu saa hivi. Maji hayakuwa yameongezeka hata kiganja, lakini yalikuja na rangi ya chai ya maziwa iliyokaa, povu la kahawia likizunguka kwenye nguzo, kandambili moja, chupa tupu, na harufu ya zizi. Tulishusha ndoo: alama ya bomba ilipotea tukiwa tumemimina sentimita 4 tu. Saa mbili baadaye mto ulikuwa umepanda sana, na bomba likasoma sentimita 9. Mto ulikuwa umejaa zaidi na uchafu umepungua makali. Angekuja mtu kesho yake asubuhi, asingekuta chochote cha kuandika.

Kwa hiyo:

- Kuanzia wiki ya mwisho ya Septemba, chupa, ndoo na penseli vikae kwenye mfuko mmoja mlangoni.
- Mvua ya kwanza ya zaidi ya milimita 10 hivi ikishuka, nenda kituo kimoja tu, kile chenye daraja. Usijaribu vyote vitatu.
- Chukua sampuli mara unapofika, kisha kila nusu saa kwa saa tatu. Kila mara andika saa na kina.
- Pima EC na tope palepale. Nyingine ziweke kwenye barafu.
- Radi zikiwa karibu, subiri. Ukiikosa hii, mvua ya pili na ya tatu bado zina habari.

Ukikuta samaki wamekufa, usikimbilie kutaja kiwanda. Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo yao ya Mto Mara upande wa Kenya: kinyesi cha viboko hulundikana kwenye madimbwi wakati wa maji machache, oksijeni ya chini inaisha, na mafuriko yakija yanayasukuma maji yale yasiyo na hewa kwa mkupuo mmoja, na samaki walio mbele, mto unakoelekea, wanakufa. Jambo la namna hiyo linaweza kutokea popote penye dimbwi la uchafu unaooza. Pima oksijeni na joto, piga picha, tafuta mahali vifo vinapoanzia ukipanda mto. Kumtaja mtu kabla ya hapo ni kumwonea, na baadaye hakuna atakayekusikiliza ukiwa na ushahidi wa kweli.

## Hatua ya 7: Tafuta wadudu wakati wa kiangazi

Kipimo kinaona dakika moja. Mdudu ameishi mtoni wiki kadhaa, naye anakumbuka uchafu uliopita usiku ukiwa umelala.

Shika kitambaa cha shela au chujio pana nyuma ya jiwe, upande maji yanakoelekea, vuruga jiwe kwa mguu kwa dakika moja, kisha mwaga kwenye beseni jeupe. Usitumie chandarua kilichowekwa dawa; kitawaua wadudu na pengine samaki. Wakiwepo wenye mikia miwili au mitatu myembamba na wale wanaojijengea vijumba vya mchanga na vijiti, maji yamekuwa na hewa ya kutosha. Ukikuta viluwiluwi vyekundu kama damu na minyoo myembamba tu, mto unabeba uchafu mwingi unaooza.

Usifanye hivi wakati wa masika. Mafuriko huwafagia wazuri na wabaya pamoja. Subiri angalau mwezi mmoja tangu mto utulie, au utauhukumu mto kwa kosa la mvua.

## Hatua ya 8: Geuza namba kuwa mzigo

Hapa ndipo wengi hudanganywa na namba zao wenyewe. Chukua mfano. Septemba umepata nitrati miligramu 20 kwa lita, na mtiririko lita 500 kwa sekunde. Aprili umepata 4 tu, mtiririko lita 10,000. Ukitazama haraka, masika mto umepona.

Zidisha. Septemba: 20 × 500 = miligramu 10,000, au gramu 10, kila sekunde, yaani kilo 864 kwa siku. Aprili: 4 × 10,000 = miligramu 40,000, au gramu 40, kila sekunde, kilo 3,456 kwa siku. Mto "safi" wa Aprili unapeleka bwawani na baharini mara nne ya ule mchafu wa Septemba.

Namba zote mbili zina kazi. Makali kwa lita yanamhusu anayekunywa, samaki na anayemwagilia leo. Mzigo kwa siku unahusu bwawa linalojaa tope, mikoko, na magugu maji ya kesho.

## Hatua ya 9: Soma chanzo kwa kulinganisha na kina

Chora mchoro: kina cha maji kwenye mstari wa chini, kipimo kwenye mstari wa pembeni, nukta moja kwa kila safari. Tumia rangi tatu, za kiangazi, vuli na masika. Kisha tazama nukta zinaelekea wapi.

Zinashuka kina kinapopanda. Kuna kitu kinamwaga kiasi kilekile kila siku, mvua ije isije, na maji mengi yanakizimua. Fikiria bomba, mfereji wa kiwanda, maji taka ya nyumba. Linganisha kituo cha juu na cha chini wakati wa kiangazi, hapo ndipo mchafuzi atakapoonekana waziwazi.

Zinapanda pamoja na kina. Uchafu uko nchi kavu na unangoja mvua: mashamba yasiyo na makinga maji, barabara za vumbi, mazizi, madampo. Kumtafuta mtu mmoja wa kumlaumu ni kupoteza muda. Kazi iko kwenye kingo na miteremko.

Zinapanda kwenye vuli, kisha zinashuka masika kina kikiwa kilekile. Hifadhi ya uchafu wa kiangazi imekwisha kuoshwa. Hii inakuambia usafi wa mji ufanyike Septemba, kabla ya mvua.

Nukta moja peke yake mbali na wenzake. Usiifute. Rudi kaunta buku: nani alipima, saa ngapi, kulikuwa na nini pale. Ikiwa vipimo vya chupa mbili vilikubaliana, pengine umemkuta mtu akimwaga.

Mwaka mmoja unakupa umbo la mto, lakini usidai kwamba hali "inazidi kuwa mbaya" kabla ya miaka miwili au mitatu. Vuli ya 2023 ilikuja na El Niño na mafuriko. Aliyeanza kupima mwaka ule angeuona kila mwaka uliofuata kuwa wa ajabu.

## Hatua ya 10: Peleka taarifa inayojibu maswali kabla hayajaulizwa

Kurasa mbili zinatosha. Ya kwanza iwe na ramani ya vituo na mchoro wa Hatua ya 9. Ya pili iwe na jedwali lenye safu hizi bila kukosa: tarehe, saa, kituo, kina, mvua ya siku tatu zilizopita, mtiririko, vipimo, jina la aliyepima. Ambatisha picha ya kurasa za kaunta buku kama zilivyo, na makosa yaliyokatwa kwa mstari mmoja. Daftari lisilo na kosa hata moja linatia shaka.

Anza na serikali ya mtaa au kijiji, kisha ofisi ya bodi ya maji ya bonde lenu. Kwa Ngerengere ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Nakala iende NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, kama ni suala la maji taka. Kenya ni Mamlaka ya Rasilimali za Maji na NEMA, mamlaka ya mazingira ya huko. Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mto, ndani ya mita 60 kutoka kingoni, kwa hiyo kama chanzo kiko ndani ya umbali huo, pima kwa futi kamba na uandike mita ngapi.

Omba jambo moja mahususi: wataalamu waje na sampuli zao kwenye kituo cha pili, wiki ya kwanza ya Septemba, saa 1 asubuhi. Ombi la namna hiyo lina tarehe, na afisa anaweza kulipanga. Wakifika, nawe uwepo na chupa zako, upime bega kwa bega nao, na uandike namba zao kando ya zako katika kaunta buku ileile.